Kampeni yenu inaweza kuwa riwaya? Waliotangulia walivyofanya

SWALI: Nimenunua kwa muuza vitabu vya mitumba riwaya ya Margaret Weis na Tracy Hickman, Dragons of Autumn Twilight, nikaimaliza kwa siku chache. Jalada lina nembo ya kampuni ya michezo ya mezani, na rafiki yangu anashikilia kwamba kisa chote kilichezwa kwanza mezani kwa dadu. Ni kweli? Na ndiyo riwaya ya kwanza ya aina hiyo? Nauliza kwa sababu sisi ni kundi la watu watano hapa Mombasa, tunacheza kampeni yetu wenyewe, yaani hadithi moja ndefu ya mchezo inayoendelea kikao baada ya kikao, yenye bandari, majahazi na majini, na wenzangu wananisukuma niiandike riwaya kwa Kiswahili. Nimeanza mara mbili, na kila mara inasomeka kama ripoti ya mechi. Waandishi wale wa mwanzo walifanyaje?

JIBU: Rafiki yako hakukosea, ila amekupa nusu ya habari. Sehemu ya kisa hicho ilichezwa mezani kabla ya kuandikwa, sehemu nyingine iliandikwa huku mchezo ukitungwa, na kurasa ambazo wasomaji hawazisahau ni zile ambazo waandishi waliuacha mchezo nyuma wakawafuata watu wao. Na hapana, hakikuwa kitabu cha kwanza. Kilitoka mwaka 1984, miaka kumi baada ya mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons (D&D), na kabla yake walikuwa wametangulia kadhaa. Nitakupitisha kwao, kwa sababu kila mmoja alikumbana na tatizo lako la ripoti ya mechi, na wengine liliwashinda.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ajili ya wasomaji wasioujua. Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kupitia kampuni changa iitwayo TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Watu huketi kuizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, kuhani au mwizi. Mmoja wao, mwendesha mchezo, huibeba dunia yote iliyobaki: mvua, walinzi wa lango, wenye nyumba za wageni, majoka. Mchezaji husema anachotaka kufanya, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua.

Wengi husahau kwamba mchezo huo ulitoka vitabuni. Gygax alilisema waziwazi mwaka 1979, mwishoni mwa mwongozo wa waendesha mchezo, katika orodha ya waandishi waliomvutia ambayo wapenzi wa mchezo huiita Appendix N. Mchawi wa D&D hukariri maneno ya uchawi kutoka kitabuni, na akishayatamka yanafutika kichwani mpaka ayakariri tena; hilo limetoka kwa Jack Vance, kwenye hadithi alizozichapisha mwaka 1950. Zimwi ambalo majeraha yake hujifunga yenyewe mpaka lichomwe moto limetoka kwa Poul Anderson. Wapo Robert E. Howard, Fritz Leiber, Tolkien na wengine wengi. Kwa hiyo riwaya za mchezo zilipoanza kuandikwa, vitu hivi vilikuwa vinarudi vitabuni vikiwa vimeshapitia mikononi mwa wachezaji na kugeuzwa kanuni. Ishike hiyo kanuni ya mchawi kusahau, nitairudia.

Ukiwa mkali wa tarehe, mtangulizi wa wote hakutokana hata na D&D. Mwaka 1975 Mwaustria Hubert Strassl, aliyeandika kwa jina la Hugh Walker, alitoa kwa Kijerumani riwaya ya kwanza ya mfululizo wa Magira. Magira ilikuwa dunia ya mchezo wa vita wa ubaoni uliochezwa na chama cha wapenzi wa fantasia kiitwacho FOLLOW. Katika riwaya, mtu wa dunia yetu halisi anajikuta ndani ya ile dunia ya ubaoni. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka Marekani mwaka 1978, na mwaka huohuo ndipo ilipotoka riwaya ya kwanza iliyowekwa ndani ya ulimwengu wa D&D, Quag Keep ya Andre Norton.

Norton hakuwa chipukizi. Alizaliwa mwaka 1912, alifanya kazi ya ukutubi mjini Cleveland kwa miaka mingi, alibadilisha jina lake kisheria kutoka Alice Mary ili likae vizuri kwenye vitabu vya vijana wa kiume, na ndiye mwanamke wa kwanza kupewa hadhi ya Grand Master na chama cha waandishi wa sayansi-bunilizi cha Marekani. Mwaka 1976 Gygax alimkaribisha acheze katika Greyhawk, ulimwengu aliouendesha mwenyewe. Kutokana na hapo Norton akaandika kitabu kinachoanza na vijana wakiwa mezani: mmoja anaokota sanamu ndogo ya mpiga upanga, na punde si punde yeye si yeye tena. Ni Milo Jagon, ameketi kwenye nyumba ya vileo mjini Greyhawk, ana kovu la panga ambalo hakumbuki alilipataje, na kumbukumbu za watu wawili zinagombana kichwani mwake. Wako saba waliovutwa hivyo. Yumo mpiganaji anayegeuka nguruwe pori, mwanamke mpiganaji, elfi (kiumbe wa ngano za Ulaya anayefanana na binadamu), kuhani, manju, na mtu mwenye mwili wa kenge ambaye wenzake hawamwamini. Mchawi Hystaspes anawafunga kwa uchawi waende wakamtafute aliyewaleta, watake wasitake.

Kila mmoja wao ana bangili mkononi isiyovuka kiganja, na kwenye bangili hiyo zimepachikwa dadu. Hatari ikikaribia, dadu zinawaka na kuzunguka zenyewe, kisha zinasimama, na hatima ya mwenye bangili imeshaamuliwa. Milo anagundua kwamba akikaza fikra zake zote kwenye dadu zinapozunguka, anaweza kuzisukuma kidogo. Mimi naliona hilo kuwa wazo la kutisha kwa uzuri wake: mtu anayeuona mkono wa bahati ukifanya kazi juu ya kifundo chake mwenyewe. Ningependa mwandishi fulani alichukue tena leo na kulifikisha mwisho. Lakini ndani ya Quag Keep wazo hilohilo linakiua kitabu. Kabla ya karibu kila pambano bangili inawaka, msomaji anaambiwa hatari inakuja, pambano linapiganwa, safari inaendelea. Na wale saba hawaachani na vyeo vyao vya mchezoni. Manju anapiga kinubi, kuhani anasali, elfi anasoma nyayo. Ukifunga kitabu huwezi kukumbuka mmoja wao aliwahi kumwambia nini mwenzake.

Ninavyoliona mimi, Norton alikuwa ameonjeshwa mchezo bila kukaa nao. Alizikuta kanuni, alizikuta dadu, akazibeba zote mbili kwa uaminifu mpaka kwenye karatasi. Kile kinachopatikana tu baada ya miezi ya kukaa meza moja na watu walewale hakuwa nacho. Nyinyi mnacho tayari.

Hapa ndipo penye mzizi wa ripoti yako ya mechi. Mezani kila zamu ina uzito kwa sababu hakuna anayejua dadu itaangukaje, hata mwendesha mchezo. Mkishangilia, mnashangilia kitu ambacho kingeweza kabisa kutotokea. Kwenye karatasi msomaji anajua kwamba mwandishi ndiye anayeirusha dadu, na anaweza kuirusha atakavyo. Ule msisimko wa mezani hauvuki. Ukiandika kwamba panga lilikosa, likakosa tena, kisha likapiga, umempa msomaji matokeo bila lile lililoyafanya yawe na maana. Unahitaji sababu nyingine ya kumfanya ajali, na kila mwandishi aliyefaulu katika aina hii aliitafuta mahali pake.

Raymond Feist aliitafuta kwenye historia. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, katika kundi la marafiki waliokutana kila Alhamisi, baadaye Ijumaa, na kwa pamoja walikuwa wametunga dunia waliyoiita Midkemia. Magician, iliyotoka mwaka 1982, haisimulii vikao vyao. Feist alirudi nyuma ya wakati wa kampeni, akaandika vita vya kale ambavyo kwa wachezaji vilikuwa historia tu: kijana wa jikoni kwenye ngome ya pwani ya mbali, ufa unaofunguka kati ya dunia mbili, na jeshi geni linalopita. Miji, miungu na majina vilikuwa tayari, vimeshakanyagwa na miguu ya watu wengi, na ndiyo maana unaposoma unahisi kwamba nyuma ya kila mlima kuna kitu. Visa vilikuwa vyake mwenyewe.

Kuna tahadhari ndani ya mfano huo. Wavamizi wa Feist, Watsurani wa dunia ya Kelewan, wanafanana mno na dunia ya Tékumel iliyotungwa na M.A.R. Barker, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambayo TSR ilikuwa imeichapisha kama mchezo mwaka 1975. Feist ameeleza kwamba vitu hivyo viliingizwa kwenye kampeni na wenzake, naye hakujua vilikotoka. Namwamini, kwa sababu hivyo ndivyo meza zinavyofanya kazi: mwendesha mchezo anaazima hiki na kile bila kutaja, na mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka kipi ni cha nani. Kabla hujaandika, kaa na mwendesha mchezo wenu umuulize kila kitu kimetoka wapi. (Barker mwenyewe aliandika riwaya yake ya Tékumel mwaka 1984. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia kazi zake ilithibitisha kwamba aliwahi pia kuandika, kwa jina bandia, riwaya yenye itikadi ya Kinazi. Siwezi kumtaja bila kulisema hilo.)

Joel Rosenberg aliitafuta sababu yake kwenye dhamiri. The Sleeping Dragon ya mwaka 1983 inatumia hila ileile ya Norton: wanafunzi wa chuo kikuu wanacheza na profesa wao, na kufumba na kufumbua wamo ndani ya mchezo, wakiwa na miili ya wahusika wao. James Michael, anayetumia kiti cha magurudumu, anaamka akiwa kibeti mwenye nguvu za fahali, na swali la kama anataka kurudi nyumbani linakuwa swali zito mara moja. Kisha wanafika mji wa Pandathaway, na Rosenberg anawaonyesha kitu ambacho mezani kilikuwa pambo tu: joka, Ellegon, amefungwa minyororo ndani ya shimo la maji machafu ili auchome uchafu wa mji mzima kwa pumzi yake ya moto. Yumo humo kwa karne nyingi. Ana akili, anazungumza, na wapita njia wamemzoea. Karl Cullinane anasimama pale juu ya shimo, anasikia harufu, na hawezi kuondoka. Kumfungua joka yule kunawafanya kuwa maadui wa chama cha wauza watumwa, na vitabu vinavyofuata vinakuwa habari ya vita dhidi ya utumwa. Msomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, atavisoma kwa jicho lake mwenyewe. Nikuonye kwamba kitabu hicho cha kwanza kina ukatili dhidi ya wanawake ambao mwandishi haushughulikii kwa uangalifu unaostahili. Lakini lile shimo ni somo kubwa: alichukua kitu ambacho wachezaji wangekipita wakitafuta hazina, akawalazimisha wakitazame.

Sasa tufike kwenye kitabu ulichokisoma.

Tracy Hickman na mkewe Laura waliianza Krynn, dunia ya kitabu chako, mwaka 1982 wakiwa ndani ya gari, wakisafiri kutoka Utah kwenda Wisconsin kuanza kazi TSR. Mpango ulikuwa mkubwa: mfululizo wa vitabu vya mchezo uitwao Dragonlance, na pamoja navyo riwaya. Kampuni ilimtafuta mwandishi wa nje, kazi yake haikukidhi. Margaret Weis, aliyekuwa mhariri hapo, akaungana na Hickman, wakaandika sura za mwanzo mwishoni mwa juma moja, wakazipeleka kwa mhariri Jean Black, naye akawapa kazi. Kwa hiyo mchezo na riwaya vilikua pamoja.

Mtazame Raistlin, mchawi wa kundi lao. Kwenye karatasi ya mchezo wa miaka ile, mchawi anayeanza ana uhai wa dadu moja ya pande nne. Pigo moja la kisu linaweza kummaliza. Havai deraya. Ana maneno machache ya uchawi kwa siku, na akishayatamka yamekwenda mpaka alale na kukariri upya, ile kanuni ya Vance niliyokuambia uishike. Kanuni tatu kavu. Ndani ya riwaya zimekuwa mtu mwenye ngozi ya rangi ya dhahabu na mboni zenye umbo la saa ya mchanga, anayekohoa mpaka damu, anayeegemea fimbo, anayeishiwa nguvu baada ya uchawi mkubwa na kubebwa na pacha wake Caramon, bonge la mtu ambaye Raistlin anamhitaji, na anamchukia kwa sababu anamhitaji. Uhai mdogo wa kwenye karatasi umekuwa mapafu. Kukariri kila siku kumekuwa kiu isiyoisha. Na yale macho yanaona kila kitu kikinyauka na kufa, hata uso wa msichana mzuri, kwa hiyo ukatili wa maneno yake unaeleweka hata pale usiposameheka.

Hata hivyo kanuni peke yake isingemtoa. Usiku walipolijaribu pambano la kwanza nyumbani kwa Hickman, aliyepewa kumcheza Raistlin alikuwa Terry Phillips. Alipofungua kinywa alinong'ona, kwa sauti ya kukwaruza. Hakuna maandishi yoyote yaliyomwagiza. Weis na Hickman wamesimulia mara nyingi kwamba mhusika alipatikana katika sauti ile, na ukirudi kwenye kitabu chako utaona Raistlin ananong'ona kila anaposema, na kila anaponong'ona wenzake wananyamaza ili wamsikie. Mchezaji mmoja, usiku mmoja, aliamua jinsi ya kusema sentensi, na mfululizo mzima ukapata moyo wake.

Mfano wa pili unahusu kifo. Vitabu vya mchezo vya Dragonlance vilikuwa na kanuni ya ajabu: mhusika muhimu akiuawa, mwendesha mchezo afanye kifo chake kiwe cha mashaka, maiti isionekane, aanguke korongoni au achukuliwe na mto, ili baadaye aweze kurudi hadithi isije ikavunjika. Mchezo ulikuwa unawalinda mashujaa kwa ajili ya kisa. Sasa chukua riwaya ya pili, Dragons of Winter Night ya mwaka 1985 (kama unataka kuisoma bila kujua yajayo, ruka aya hii). Sturm Brightblade, mpiganaji wa heshima anayeshika bado kanuni za shirika la wapiganaji ambalo dunia imeshalidharau, anasimama peke yake juu ya ukuta mbele ya joka. Anayelipanda joka ni mwanamke aliyempenda ujanani. Anakufa, mchana kweupe, mbele ya kila mtu, na harudi. Kitendo kile mchezo ulikikataza kwa kanuni, na riwaya haiwezi kuwa na uzito bila hicho. Mwandishi wa kampeni lazima afike mahali ambapo anaivunja ahadi ambayo meza ilimpa mchezaji.

Na kuna waliloliacha. Kitabu chako cha kwanza, hasa kuanzia magofu ya Xak Tsaroth na kuendelea, kinafuata ramani za mchezo kwa karibu, nawe nina hakika umehisi: chumba, maadui, chumba kingine. Ni sehemu yake dhaifu. Cha pili kinafungua mashujaa wakiwa wameshaisafiria nyundo takatifu ya vibeti wa ufalme wa Thorbardin na kuipata. Safari hiyo ilijaza vitabu viwili vya mchezo. Riwaya inaigusia tu na kusonga mbele. Wasomaji walilalamika kwa miaka, na hatimaye kisa hicho kilipewa kitabu chake mwaka 2006, lakini mimi nawatetea Weis na Hickman: walikuwa wameelewa kwamba vikao vitamu kucheza si lazima viwe sura nzuri.

Wajapani walipita njia tofauti kabisa, na huenda ndiyo itakayokufaa zaidi. Kuanzia mwaka 1986 jarida la Comptiq lilichapisha mazungumzo ya kampeni ya D&D iliyoendeshwa na Ryo Mizuno pamoja na wenzake wa Group SNE, kundi la watunzi wa michezo. Yaliandikwa kama tamthilia: mwendesha mchezo anasema, mchezaji anajibu, wanacheka, wanabishana, dadu zinaanguka. Ripoti ya mechi, kwa maana halisi, na wasomaji waliipenda kwa sababu haikujifanya riwaya. Sauti za watu zilikuwa wazi na dadu zilionekana. Mizuno alipoandika riwaya ya Record of Lodoss War mwaka 1988, alianza upya kwa namna nyingine, na vicheko vya mezani havimo. Elfi Deedlit, ambaye sura yake imeenea duniani kupitia katuni, mezani alichezwa na mwanamume, mwandishi Hiroshi Yamamoto. Kama wenzako wanataka kumbukumbu ya vikao vyenu, wapeni hiyo: rekodini, andikeni mazungumzo, chapeni kama yalivyo. Riwaya ni kazi nyingine, ya mtu mmoja, na haipaswi kubebeshwa mzigo wa kukumbuka kila kitu.

Nimtaje Elizabeth Moon kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote, ingawa mara nyingi anasahauliwa katika orodha hizi. Aliwahi kuwa ofisa katika jeshi la Marines la Marekani na alisomea historia. Aliwaona watu wakicheza paladini, yule shujaa mtakatifu wa D&D, kwa namna ya kipuuzi, na akasema paladini wa kweli asingekuwa hivyo. Sheepfarmer's Daughter ya mwaka 1988 ni hoja yake. Paks, binti wa mfuga kondoo, anatoroka ndoa ya kulazimishwa na kujiandikisha kwenye jeshi la kukodiwa. Kwa sura nyingi hakuna utukufu wowote: gwaride, vyoo vya kuchimba, adhabu asiyostahili, maumivu ya miguu, wenzake wanaokufa katika vita ambavyo si vyao. Utakatifu unakuja baadaye sana na unamgharimu karibu kila kitu. Moon alichukua mstari mmoja wa kanuni, akauliza maisha gani yangemzaa mtu kama huyo.

R.A. Salvatore nampita haraka. The Crystal Shard ya mwaka 1988 ilimleta Drizzt, elfi mweusi ambaye leo ni maarufu kuliko mashujaa wote wa mchezo, na Salvatore husimulia kwamba alimbuni papo hapo kwenye simu, mhariri wake alipomtaka mhusika wa kusimama kando ya shujaa mkuu. Gygax naye aliandika riwaya za Greyhawk kuanzia mwaka 1985. Zina thamani kwa anayetaka kuujua mji wake, na kama fasihi si nzuri. Kuutunga mchezo bora hakumfanyi mtu kuwa mwandishi wa riwaya.

Sasa turudi Mombasa. Usianze na kikao cha kwanza. Kaa na wenzako wanne na uwaulize ni wakati gani wa kampeni wanaousimulia mpaka leo kwa watu ambao hawakuwepo. Andika majibu yao, kisha chunguza kila moja: je, ni tamu kwa sababu dadu iliangukia namba ngumu, au kwa sababu mtu fulani aliamua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake? Za kundi la kwanza ziache mezani. Nahodha wenu aliyekataa kumtosa jini baharini ingawa wote walimsihi, kama yupo wa namna hiyo, huyo ndiye riwaya.

Kisha sikiliza sauti. Nani kati yenu hubadilisha namna ya kusema anapokuwa mhusika wake? Nani hutumia methali, nani hukatiza wenzake, nani hunyamaza? Hayo ni mali ambayo Norton hakuwa nayo, na huwezi kuyabuni ukiwa peke yako chumbani. Kila kanuni utakayoibakisha igeuze iwe gharama ya mwilini au ya moyoni, kama walivyofanya kwa Raistlin. Kama mchawi wenu anaishiwa nguvu baada ya mara tatu, msomaji asiione ile tatu. Auone mkono unaotetemeka akishika kikombe.

Punguza watu. Mezani watano ni wachache kwa sababu kila mmoja ana uso na sauti yake mbele yako. Katika sura ya kwanza ya riwaya, wahusika watano wanaoingia mlangoni pamoja ni umati. Weis na Hickman walianza na mhusika mmoja, Flint, peke yake njiani, kisha Tanis, na wengine wakafika kidogokidogo kwenye nyumba ya wageni.

Omba ruhusa, na muandikiane. Mhusika aliyechezwa na mwenzako miaka miwili ana damu yake ndani yake, hasa kama unakusudia kumuua. Kuhusu sheria: kanuni za msingi za toleo la tano la D&D ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, lakini majina ya miji, miungu na baadhi ya madubwana ya kampuni si yenu. D&D yenyewe ililiacha jina la hobbit, wale watu wafupi wa vitabu vya Tolkien, miaka ya sabini baada ya wenye haki za Tolkien kulalamika. Kwa bahati majini, nunda na mizimu ya mibuyuni havina mwenye hati, nanyi mmeshavichagua.

Kwa kusoma, malizia trilojia uliyoianza, kisha nenda kwa Moon, kisha Feist. Quag Keep isome mwisho, ukiwa na kalamu mkononi, na kila bangili inapowaka jiulize wewe ungeandika nini mahali hapo. Sura yako ya kwanza mpya ikikamilika, nitumie niisome, hata kama ni kurasa nne tu.